Ndege Ilipita Juu ya Nyumba Yetu

Tangu Jumatatu sijavuka soko la Kitengela bila kushikwa mkono na kuulizwa, "Sasa Mwende, mlifika ama hamkufika?" Nimemsimulia muuza nyanya, nimemsimulia fundi wa viatu, na kila nikisimulia habari inatoka imepungua kipande. Kwa hiyo naiandika mara moja, kwa ninyi wenzangu wa chama na kwa dada zangu walio Machakos, muisome mkiwa mmekaa. Habari za tiketi, pasipoti na foleni za mihuri sitawachosha nazo.

Asiyejua mwanzo ajue hivi. Kaka yangu Mutiso anataka kumwoa Neema, binti wa Machame, kule Tanzania chini ya mlima. Wajomba walikwenda kuposa, wakapokelewa vizuri, wakalishwa ndizi na nyama mpaka wakalegea. Lakini bibi yake Neema, Bibi Aika, ambaye neno lake ndilo la mwisho katika boma lile, alisema kitu kimoja: mjukuu wake hatavuka mpaka kwenda kwa mama mkwe ambaye yeye hajamwona kwa macho. Aletwe mama. Tukapanga siku, tukaahirisha. Tukapanga ya pili, tukaahirisha. Mara ya tatu Bibi Aika akatuma neno kwamba akingojeshwa tena, basi Mungu atakuwa amekwisha kujibu, na Mutiso atafute mke kwao.

Kilichotufanya tuahirishe ni barabara. Sisi tunakaa Kisaju, na barabara ya Namanga inapita mlangoni petu. Mvua kubwa ya mwisho wa miaka ya tisini ndiyo iliyomchukua baba. Alikuwa dereva wa lori la mawe, na lori lilimpindukia kwenye korongo moja kupita Bisil. Tangu siku hiyo mama huenda Kitengela, huenda Nairobi, huenda Machakos, lakini upande wa kusini hajapita Isinya. Akiwa na shughuli Kajiado, hunituma mimi. Hatukuwahi kulizungumza. Tulizoea tu, kama watu wanavyozoea mlango usiofunguka.

Ndipo Mutiso akaja na ndege. Alikuwa ameisoma kwenye kompyuta za pale stendi. "Uwanja hadi uwanja ni kilomita mia mbili thelathini na kitu," alituambia, "dakika hamsini pekee. Mwaitu atafunga macho, atafungua, amefika." Mwaitu ni mama kwa Kikamba. Tulipiga makofi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza ndege hiyo inaanzia wapi. Uwanja uko Nairobi, nyuma yetu. Machame iko mbele. Watu ambao barabara ya kwenda iko mlangoni pao walifunga safari ya kurudi nyuma, wakatafute chombo cha kuwapeleka mbele. Njia ya mwongo ni fupi, na Mutiso wetu si mwongo, ila siku hiyo alitupa njia fupi sana.

Kisaju hadi uwanjani

Mjomba Kilonzo, ndugu yake mama, alitangulia kwa barabara siku moja kabla. Yeye ndiye alikuwa na kazi ya mbuzi. Kwetu Ukambani, bila mbuzi watatu wa ntheo msichana hajawa mke wenu, hata mkikaa naye mpaka mzeeke. Mbuzi hawapandi ndege, kwa hiyo mjomba angewanunua mnadani Longido, upande wa pili wa mpaka, na kuwafikisha Machame.

Mimi na mama tulitoka alfajiri na Parsaloi, jirani yetu mwenye Peugeot ya teksi. Mama alikuwa amevaa viatu vipya vyeusi alivyonunuliwa na Mutiso kwa ajili ya ndege. Mama Naserian, mama Mmaasai anayetuletea maziwa, alikuwa langoni na mitungi yake.

"Takwenya," alimsalimu mama.

"Iko," mama akaitikia.

"Hiyo ndege itapita hapa?"

"Wanasema itapita."

"Basi nitaangalia juu."

Athi River tulikwama nyuma ya malori ya simiti hadi nikaanza kuwaombea madereva mambo mabaya. Tulifika uwanjani tukikimbia, na hapo mkaguzi mmoja akaukamata ule mtungi wa asali ambao mama alikuwa ameufungasha ndani ya kiondo kwa ajili ya Bibi Aika.

"Hii ni nini, mathe?"

"Ni asali. Imetoka Kibwezi."

"Nitajuaje ni asali?"

Mama alifungua kifuniko, akamwambia alete kidole. Kijana wa watu akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaonja. Halafu akaita mwenzake naye akague. Wakaguzi walikuwa wengi siku hiyo, na mtungi ulipungua, lakini ulipita.

Angani

Mama alikaa dirishani. Mimi nilikuwa katikati, na upande wa pili alikaa Bwana Mushi, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Bomang'ombe. Alimwambia mama, "Shikamoo mama," kwa sauti ya upole, na mama akaniangalia kwa jicho la kusema, unaona watu wanavyolelewa? Mimi kazi yangu ni kumwambia "sasa Mwaitu" tu.

Ndege iliponyanyuka, alinishika mkono hadi vidole vikafa ganzi. Kisha akachungulia chini, na mkono ukalegea.

"Mwende. Si hiyo ni Kitengela?"

Ilikuwa Kitengela. Mapaa ya mabati yaling'aa, na barabara ilikwenda kusini imenyooka. Mama aliifuata kwa kidole chake kwenye kioo mpaka akaona tangi letu jeupe la maji.

"Sasa tumeamka usiku wote huo," alisema, "ili tuje kupita juu ya nyumba yetu?"

Bwana Mushi alicheka mpaka akaomba radhi. Mama hakucheka. Aliendelea kuangalia ile barabara ikipungua chini yetu, Isinya, Kajiado, na ilipokaribia upande wa Bisil alifumba macho na kuanza kuomba. Mhudumu alikuja na juisi na karanga. Mama alikataa bila kufumbua macho, akaninong'oneza nikatae pia, hawa wakishakunywesha ndipo wanaleta bei. Bwana Mushi alimweleza kwa heshima kwamba ni bure. "Hakuna cha bure juu hapa," mama akamjibu. "Mti uko wapi, shamba liko wapi?" Mimi nilichukua, nikala na za kwake.

Dakika hamsini zilifika, zikapita. Nje kulikuwa kweupe kama ndani ya gunia la unga. Tulizunguka, tukazunguka tena. Rubani akasema kwa Kiingereza kwamba mawingu yamefunika uwanja wa Kilimanjaro, haoni pa kushuka, na tunarudi Nairobi. Watu waliguna. Mama, ambaye hakulielewa tangazo na alikuwa angali katikati ya sala, alisema amina.

Nilijua ningepaswa kumwambia. Nikamwangalia uso, umetulia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na ulimi ukakataa.

Uwanjani tena

Tulitua. Watu wakapiga makofi, mama naye akapiga. Alishuka ngazi polepole na viatu vyake vipya, akavuta hewa, akamwambia mfanyakazi aliyesimama pale chini, "Hamjambo watu wa Tanzania."

"Hatujambo, mathe," kijana akajibu. "Lakini hapa ni Nairobi."

Mama aligeuka kuniangalia. Nilimweleza yote. Alimwangalia tena yule kijana, akasema, "Nilikuwa naona watu wa huku wanafanana sana na wa kwetu."

Tuliambiwa tungoje. Labda jioni kutakuwa na ndege, labda kesho. Nilimpigia simu Mutiso, ambaye alikuwa ametangulia Machame pamoja na mjomba. Alikuwa ameshasikia kwamba mawingu yameturudisha.

"Mwende," akasema, "wazee wote wamefika. Bibi ameweka kiti cha Mwaitu karibu na chake. Hakuna mtu ameruhusiwa kukikalia."

"Mwambie kuna mawingu."

"Nimemwambia. Ameangalia juu, akasema mawingu yamekuwa pale tangu azaliwe. Amesema atangoja mpaka ng'ombe wamalize kula majani ya jioni. Wakimaliza, ataingia ndani alale, na maneno yamekwisha."

Simu yangu ilikuwa ya kupiga kelele, na mama alikuwa amesikia kila neno. Uwanja mzima ulikuwa na watu waliokasirika, yeye alikaa na kiondo mapajani kama mtu aliyengojea kuitwa hospitalini. Nilimwonea huruma, nikamwonea huruma Mutiso, na nikaona hasira kwa baba pia, kwamba alikufa barabarani badala ya kitandani kama wazee wengine.

"Parsaloi ameenda?" aliniuliza.

Hakuwa ameenda. Alikuwa nje akinywa chai, akitafuta abiria wa kurudi naye.

"Basi twende nyumbani," mama alisema.

Nikajua kwamba mambo yameharibika. Bwana Mushi aliomba tumsogeze mpaka Kisaju, atafute gari la Namanga. Nilimkubalia bila hata kumwangalia.

Kisaju, mara ya pili

Mama Naserian alikuwa bado langoni, mitungi mitupu. Alituona, akasimama.

"Mmerudi? Lakini ndege imepita. Nimepunga mkono."

"Tulikuwa ndani yake," nilimwambia.

"Sasa mnafanya nini hapa?"

Lilikuwa swali zuri. Mama alishuka, akaingia ndani ya nyumba. Parsaloi alizima injini. Bwana Mushi alitoa begi lake, akasimama kando ya barabara akinyoosha mkono kwa kila gari. Mimi nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia Mutiso. Nilijaribu hili, nikajaribu lile, yote yalikuwa na ladha ya dawa.

Mama akatoka. Alikuwa amevua vile viatu vyeusi na kuvaa raba zake za kwendea shambani.

"Viatu vya ndege vimenibana," alisema. Alifungua mlango wa mbele, akakaa karibu na dereva. "Parsaloi, uko na mafuta ya kutosha Namanga?"

Parsaloi aliniangalia kwenye kioo.

"Ya Namanga yako, mama. Ya mbele tutaweka pale."

"Basi mwite yule mzee wa shikamoo aingie. Na usiende mbio."

Mama Naserian alitupitishia dirishani kibuyu cha maziwa aliyokuwa amejiwekea. "Sere," alisema, akiaga, na hakuuliza tena.

Bisil

Isinya ilipita. Mama akavuka ule mpaka wake wa miaka yote akiuliza tu zile nyumba mpya za mawe ni za nani. Kajiado tulisimama kidogo Parsaloi aongeze hewa gurudumu. Mama hakushuka. Nilimwona tu akishika kile kishikio cha juu ya mlango, na hakukiachilia tena.

Baada ya Bisil nilianza kuhesabu makorongo, kwa sababu mimi nilishafika pale siku ile ya ajali, nikiwa na wajomba. Sikujua nimwambie au nisimwambie. Nikaona nyuma ya kichwa chake, kitambaa chake cha bluu, kimesimama wima. Tulipoteremkia lile korongo, lilikuwa kavu, mchanga mtupu, na mbuzi wachache wamelala chini ya mgunga. Hakuna alama yoyote. Ukiwa hujui, ungepita ukizungumza habari za bei ya sukari.

"Ni hapa," mama alisema.

"Ni hapa," nilimjibu.

Parsaloi aliondoa mguu kwenye mafuta. "Nisimame, mama?"

"Hapana. Leo tumechelewa."

Tukapanda upande wa pili. Nilikuwa nalia, simfichi mtu, na Bwana Mushi, ambaye hakujua lolote, alinipa kitambaa chake na kuangalia nje kwa adabu. Maili chache mbele mama aliachilia kile kishikio, akanyoosha vidole kimoja kimoja.

"Mwende, yale mayai ya kuchemsha yako wapi?"

Alikula matatu. Chumvi alimwomba Bwana Mushi, aliyekuwa ameichukua bure kwenye ndege.

Namanga hadi Machame

Namanga ni watu, vumbi, na akina mama wa Kimaasai wenye shanga wasiokubali neno la hapana. Nilikwisha kununua bangili mbili kabla sijajua nimeingiza mkono mfukoni. Tulikula nyama ya kuchoma tumesimama, na hapo ndipo simu yangu ilipokata mawasiliano. Kuanzia pale hatukujua Machame kunasemwa nini, wala Machame hawakujua tuko wapi. Kwao sisi tulikuwa bado uwanjani Nairobi, tunaangalia mawingu.

Longido, Arusha, na jua linashuka. Kila boma tulilopita mama aliuliza, "Huku ng'ombe wanalishwa saa ngapi?" Bwana Mushi alimjibu kila mara kwa upole uleule kwamba inategemea nyumba, mama yangu, wengine mapema, wengine wakichelewa. Mara ya tano hata yeye akachoka, akasema, "Mama, tuwaombee ng'ombe wawe na njaa."

Tulipita njia panda ya kwenda uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, pale tulipopaswa kutua asubuhi. Mawingu yalikuwa yameondoka yote. Mlima umesimama mweupe kileleni, hauna aibu.

Bwana Mushi alishuka Bomang'ombe. Kabla ya kufunga mlango aliinama. "Mama, naomba nikushauri. Ukifika usianze na habari za mawingu. Wazee wa kwetu wamezisikia sana. Salimia tu, ukae."

Kwa Bibi Aika

Boma liko ndani ya migomba, na njia ni nyembamba. Tulikutana na wazee wawili wakiondoka na fimbo zao. Nikadhani tumechelewa. Mutiso alikuwa kwenye uwanja wa nyumba, shati limechomoka kwenye suruali, na alipotuona alikaa chini kwenye nyasi.

Bibi Aika alikuwa mlangoni kwenye kiti chake, na kiti kitupu kando. Ni mwanamke mdogo, mkavu, mwenye macho makali. Lakini hakuwa akituangalia sisi. Alikuwa akiangalia bandani. Kule, Neema, bibi harusi mwenyewe, akiwa amevaa gauni la sherehe na kanga kiunoni, alikuwa akiwalisha ng'ombe wawili jani moja moja. Anachukua unyasi mmoja, anaupangusa, anampa ng'ombe, anangoja atafune, ameze, halafu anatafuta mwingine. Mzigo wa majani ulikuwa bado nusu.

"Yuko hapo tangu saa kumi," Mutiso aliniambia baadaye. "Bibi alimwambia, mbona ng'ombe wangu leo wanakula kama maaskofu? Neema akasema wana jino bovu, bibi. Wote wawili."

Mama alifuata ushauri. Alisalimia, akasimama. Bibi Aika alimtazama kuanzia kitambaa hadi zile raba zilizojaa vumbi jekundu.

"Niliambiwa dakika hamsini," alisema.

"Hata mimi niliambiwa hivyo," mama akamjibu.

Ndipo Mjomba Kilonzo akatokea nyuma ya nyumba, ameshika kamba ya mbuzi. Alimwona dada yake, akaona lile gari la Parsaloi, na kamba ikamtoka mkononi.

"Mmekuja na barabara?" alisema. "Umepita Bisil?"

"Nimepita."

Mjomba wangu ni mtu mkubwa, ana sauti ya kuuzia ng'ombe. Alifunika uso kwa kofia yake, akalia mbele ya wakwe. Mbuzi mmoja akaanza kula maua ya watu na hakuna aliyemzuia.

"Bisil ni nini?" Bibi Aika aliuliza.

Mutiso akainuka kutoka kwenye nyasi, akasema yeye mwenyewe. Kwamba baba yetu alifia pale. Kwamba mama yetu hajapita njia hiyo tangu hapo, na kwamba hata yeye, mwanawe, hakuwahi kuthubutu kumwomba.

Bibi Aika alishika kile kiti kitupu, akakivuta karibu zaidi mpaka kikagusana na chake.

"Kaa, mama," alisema. "Nilitaka nione ni mtu wa namna gani atakayemlea mjukuu wangu. Basi, nimeona." Kisha akapaza sauti kuelekea bandani. "Neema! Wape hao ng'ombe chakula chao, wasije wakafa na njaa mbele ya wageni."

Sijui kama nimewahi kufurahi namna ile. Nilimkumbatia Parsaloi, ambaye hakutegemea. Wale wazee wawili waliitwa wakarudi, pombe ya mbege ikatoka, ndizi zikatoka, mbuzi wa ntheo wakapokewa wote watatu pamoja na yule mla maua. Bibi Aika alionja asali, akauliza mbona mtungi umepungua, na mama akamweleza juu ya wakaguzi mpaka kikongwe akashika mbavu.

Kurudi

Tulikuwa na tiketi za ndege za kurudi, na siku ile anga ilikuwa safi. Mama alimpa Mutiso tiketi yake, akamwambia akawatafutie watu wenye haraka. Parsaloi alikuwa amelala pale, kwa hiyo tukaondoka naye asubuhi, baada ya uji.

Kwenye korongo hakumwuliza Parsaloi asimame. Alimwambia. Alishuka peke yake na raba zake, akatembea mpaka katikati ya mchanga. Mimi nilitaka kumfuata, nikaona niache, nikabaki mlangoni mwa gari.

Hakulia. Alizungumza kwa Kikamba, kwa sauti ya kawaida, ile aliyokuwa akimwitia baba kutoka jikoni chakula kikiwa tayari.

"Baba Mutiso," alisema, "wamemkubali kijana wetu. Nimekawia kuja kukuona, niliogopa. Lakini njia sasa naijua."